Kopo la Babu Yake Mzee Folke

Haya basi. Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Nalongo aliisikia kwenye simu nikiwa nakoroga uji, Mama Furaha aliisikia nusu kanisani mpaka mchungaji akatugeukia, na wengine mmeisikia kwa Nalongo, ambayo ni hatari zaidi, maana kwa Nalongo mimi nimepigana na dubu. Sikupigana na dubu. Dubu nilimwona kwa darubini, ng'ambo ya maji, amelala, na wala sikutaka tujuane zaidi. Sasa nimekaa chini niandike yote mara moja, nyinyi wanawake wa Hallonbergen mkae msome, halafu msiniulize tena.

Bredäng, kabla ya kutoka

Kwa wasiomjua, Mzee Folke ni mmoja wa wazee ninaowahudumia majumbani hapa Bredäng, Stockholm. Ana miaka tisini na minne, mrefu mpaka anainama mlangoni, na maneno yake ni ya kuhesabu. Mimi namvalisha zile soksi za kubana, namtia dawa ya macho, namchemshia viazi. Macho yenyewe yanaondoka. La kushoto lilikwenda zamani. La kulia linazimika kuanzia katikati, kwa hiyo ukisimama mbele yake hakuoni, ukisogea pembeni anakuona kidogo. Daktari alimwambia majani yakianguka, nalo litakuwa limekwenda.

Juu ya kabati lake la vitabu palikuwa na kopo la bati, limeota kutu, la kutosha kilo moja ya sukari. Nililipangusa vumbi mwaka mzima bila kuuliza. Siku niliyouliza, akanisimulia.

Babu yake alikuwa mtaalamu wa mimea. Mwanzoni mwa karne iliyopita wataalamu wa Kiswidi walikuwa wakipanda meli wakati wa kiangazi kwenda Spitsbergen, visiwa vya huko juu kabisa ambako ramani inakwisha. Wengine walipima barafu, wengine walipima ardhi, babu akahesabu vimimea vinavyoota juu ya mawe. Kule hakukuwa na posta, kwa hiyo wasafiri walikuwa na desturi yao. Wanajenga rundo la mawe, ndani ya mawe wanaweka kopo, ndani ya kopo wanaweka karatasi: sisi ni fulani, tumepita hapa siku fulani, tunaelekea kule. Atakayefuata anaichukua karatasi hiyo awapelekee wenyewe, na mahali pake anaacha ya kwake.

Babu akafika kwenye rundo. Akatoa kopo, akakuta barua ya waliomtangulia. Akatafuta penseli aandike ya kwake, kumbe imevunjika ncha, na kisu cha kuichongea kiko kwenye mashua. Akasema ah, nitarudi kesho. Akaondoka na kopo na kila kitu. Kulipokucha barafu imeziba ghuba, na hakurudi tena.

Kundi lililofuata likakuta mawe matupu. Wakatafuta siku nzima, wakaamua kwamba babu na wenzake wamekufa. Walipofika bandarini wakapiga telegramu Stockholm. Babu aliporudi nyumbani kwa miguu yake, aliwakuta watu sebuleni wamevaa nguo nyeusi, wanakunywa kahawa ya matanga yake. Mkewe hakumsamehe. Mpaka anakufa, kila Krismasi alimpa zawadi moja tu, penseli. Ziko mpaka leo kwenye droo ya Mzee Folke, thelathini na moja, zimechongwa zote.

Mzee anasema kila aliyemsimulia habari hii alicheka. Mimi sikucheka. Niliweka kitambaa chini.

"Mzee! Na kopo hamkurudisha?"

Akageuza kichwa pembeni ili anione. "Hapana."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Nikamwambia aibu gani hii. Kwetu Voi chombo cha jirani hakikai wiki, na hakirudi kitupu. Ukiletewa maharage, bakuli linarudi na mayai mawili. Huna mayai, tia ndimu. Huna ndimu, tia hata chumvi, lakini kitupu hakirudi. Akaniomba nilirudie neno hilo kwa Kiswahili, naye akalitafuna polepole: hakirudi kitupu. Siku ya tatu mpwa wake akanipigia simu. Mzee alikuwa ametoa amri. Kopo lirudi mahali pake, nilirudishe mimi, na yeye aione picha yake likiwa pale kwa jicho lake mwenyewe kabla jicho halijaenda. Mpwa asingeweza kwenda, ana nyonga mpya. Mimi nilikuwa na likizo. Mambo ya tiketi na ruhusa kutoka kwa wakuu wa visiwa alihangaika nayo yeye, mimi siyajui.

Mzee aliandika barua ya kuomba radhi, kurasa nne, kwa kalamu nene na herufi kubwa kama za tangazo. Ilimchukua Julai nzima. Akaitia ndani ya kopo pamoja na ile karatasi ya zamani, akalifunga kwa kamba. "Usilifungue mpaka ufike," aliniambia.

Neema wangu akasema, "Mamma, du är inte klok," yaani mama yake hana akili timamu. Halafu akauliza kama huko kuna mtandao.

Siku ya kuondoka nilikuwa kazini mpaka jioni, kwa hiyo Nalongo, Mungu ambariki, alitoka Hallonbergen kuja kunifungia chakula. Ufunguo anao. Nilimwambia kwenye simu: "Kuna kopo mezani, narudisha kwa wenyewe, usilisahau." Hayo ndiyo maneno yangu. Yashikeni, tutayarudia.

Kwenye treni, hasa pale iliposimama

Mzee alisema niende kwa njia ya babu: treni mpaka Narvik kule Norwei, kisha Tromsø, kisha huko juu. Kutoka Tromsø tu ndipo alinihurumia nipande ndege.

Nikalala nikaamka, Uswidi bado haijaisha. Misitu, ziwa, misitu, ziwa. Chumbani mwetu tulikuwa watatu, mimi na mume na mke waliovaa nguo za kupanda milima, na fimbo zao. Niliwasalimia kwa mkono. Walitoa mikono kwa adabu, kisha wakaangalia nje kwa muda mrefu.

Mbele kidogo ya Boden treni ikasimama. Saa ya kwanza hakuna aliyesema neno. Saa ya pili kondakta akapita, akasema kuna kulungu wa kufugwa kwenye reli, kundi zima.

"Ni wa nani?" nikamwuliza.

"Wana mwenyewe. Anakuja."

Mimi ni mtu wa Voi. Kwetu reli inapita kwenye tembo, kwa hiyo sikushtuka. Nikamwambia kondakta, "Pigeni honi." Akasema wamepiga. "Basi shukeni muwafukuze." Akanitazama kwa upole, akasema mwenyewe anakuja. Mwenyewe alikuja saa tano baadaye, na pikipiki, bila haraka yoyote, na treni nzima ikamwangalia anavyoongea na kulungu mmoja mmoja.

Kwenye saa tano hizo chumba cha chakula kiliishiwa mpaka na biskuti. Nikatoa chombo cha Nalongo. Jamani, chapati kumi na mbili na mchuzi wa nyama. Nikawakaribisha wenzangu.

"Nej, tack," akasema mume.

Mnajua kwetu kukataa mara ya kwanza ni salamu tu. Nikakaribisha tena. Akakataa tena, mkewe akameza mate. Nikakaribisha mara ya tatu, nikaweka chapati mbili mbele ya kila mmoja nikageukia dirisha ili wasione haya. Mara nikasikia mlio wa karatasi ya chapati. Walikula wakafuta mchuzi kwa kidole, na yule mume, ambaye sikudhani ana maneno, alinieleza habari za magoti yake yote mawili mpaka Kiruna.

Halafu akaniomba chombo, akaenda nacho kwenye beseni la kunawia, akakiosha kwa sabuni, akakikausha kwa fulana yake, akanirudishia. Kinang'aa. Kitupu kabisa. Nilishukuru, lakini moyoni nilimsikitikia. Mtu mzuri hivyo, na hakuna aliyemfundisha.

Jambo moja nililiona nikalipuuza. Begi langu lilinukia karanga. Nikasema ni mambo ya Nalongo, kila kitu chake kinanukia karanga.

Narvik mpaka Tromsø, na jino

Kwa sababu ya kulungu, basi la Tromsø lilikuwa limekwishaondoka. Nikangoja lile la kesho yake, na dukani nikaona samaki mkavu, mgumu, mweupe. Mwenye duka akaniuliza kama najua anavyoliwa.

"Mimi natoka Kenya," nikamwambia kwa majivuno. "Samaki mkavu utanifundisha?"

Mtu wa Voi, mahali ambapo samaki anafika kwa lori, kujifanya mtu wa Lamu! Nilimng'ata ndani ya basi. Nikasikia ko. Si samaki aliyevunjika, ni jino langu la nyuma, lile la kuzibwa. Mama aliyeketi karibu akanieleza kwa ishara kwamba yule samaki analowekwa maji wiki nzima kwanza. Wiki nzima! Safari yote iliyobaki nilitafunia upande mmoja.

Uwanja wa ndege wa Tromsø, kopo likapita kwenye mashine. Afisa akasimamisha mkanda, akaangalia kioo chake, akaniangalia mimi.

"Hapa ndani kuna nini?"

"Barua," nikasema.

Akaangalia kioo tena. "Barua za namna gani?"

"Za kuomba radhi."

Nikampa ile karatasi ya ruhusa yenye mhuri. Akaisoma mara mbili, akamwita mwenzake naye akasoma, wakasemezana, wakanipisha. Nilimwona anavyotikisa kichwa. Laiti ningemwambia afungue!

Mji wa kuvua viatu

Longyearbyen, hapo Spitsbergen nilipotua, ni mji mdogo uliokaa kati ya milima isiyo na mti hata mmoja. Ukingoni mwa mji kuna bango lenye picha ya dubu, kukuonya kwamba kuanzia hapo wewe ndiwe kitoweo. Lakini dubu hakunitia aibu. Kilichonitia aibu ni soksi.

Nilifika kwenye hoteli nikakuta viatu vimejaa mlangoni, vya wanaume kwa wanawake. Nikajua kuna ibada ndani. Nikavua, nikaingia kwa kunyata, nikainamisha kichwa. Msichana wa mapokezi akaniuliza jina langu, nikamjibu kwa kunong'ona. Naye akaanza kunong'ona. Tukanong'onezana mpaka nikapewa ufunguo, ndipo nikamwuliza sala inaisha saa ngapi. Kumbe hakuna sala. Zamani ulikuwa mji wa wachimba makaa, wakivua viatu wasichafue nyumba kwa masizi, na mpaka leo ukiingia mahali pengi unavua. Na mimi kidole gumba cha kulia kilikuwa kimetoka nje ya soksi, kinasalimia watu.

Humo ndimo alimonikuta Solveig, kiongozi wetu wa safari ya mashua, naye amevaa soksi za sufu alizofuma mamake. Ni binti wa miaka kama ishirini na minane, mwembamba, anaongea taratibu. Nilimweleza habari za kopo. Hakucheka. Alisema wanapita kwenye ghuba hiyo mara chache sana, na wiki hii ndiyo ya mwisho.

Baharini, mara mbili

Siku ya kwanza walitupa maovaroli ya kuelea majini, ya rangi ya chungwa, manene. Ukishaingia humo huna kiuno wala shingo. Tulikuwa abiria kumi na mmoja, tumekaa tumevimba. Saa tatu za mawimbi. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na babu yake Folke, nikamtapikia yeyote aliyekuwa chini kule.

Ukungu ukaja ukatufunika. Mbele yake kukawa na barafu inayoelea, vipande vingine vikubwa kuliko kanisa letu, vinagongana. Nahodha akazima injini, akasikiliza, akageuza mashua. Nikamfuata pale usukani.

"Baba, kopo langu?"

"Kesho," akasema. "Kesho ikikataa, ni mwaka ujao."

Mwaka ujao! Niliporudi hotelini nikampigia Mzee. Aliuliza ukungu ulikuwa wa namna gani, mzito au wa kupita, barafu ilikuwa ya buluu au nyeupe. Nikamjibu yote, hata matapishi. Alifurahi sana kwa hayo matapishi.

"Mama Neema," akasema, "leo sikuweza kuona mishale ya saa."

Nilikaa kitandani na ile simu, nikalia. Sikulia kwa ajili ya kopo. Mtu amengoja maisha yake yote mtu mmoja amwulize swali moja, na aliyemwuliza ni mimi, halafu nirudi kumwambia kulikuwa na ukungu?

Kesho yake kukapambazuka jua. Jua gani, halikuwa limezama vizuri. Tukaenda tena, na mara hii ghuba ilikuwa wazi. Solveig akapima ufuo wote kwa darubini, akamwona dubu ng'ambo, amelala juu ya theluji. Akanipa nimtazame. Halafu akasema tuteremke wawili tu, yeye na mimi, na tuna dakika ishirini. Akabeba bunduki. Mimi nikabeba kopo.

Kwenye mawe

Kupanda kilima umevaa ovaroli lile ni kupanda umebeba godoro. Solveig alitembea mbele anageukageuka kuangalia nyuma yangu, jambo lisilotuliza moyo. Tukafika. Rundo lilikuwa pale, limebomoka upande mmoja, na katikati lina shimo la mraba. Nikapima kwa macho. Shimo lilikuwa na ukubwa wa kopo langu sawasawa. Mawe yalikuwa yamelingoja tu, hayakuwa na kazi nyingine.

Nikafungua kamba. Nikafungua mfuniko.

Kashata.

Kashata za karanga na ufuta, zimekatwa vizuri vipande vya umbo la almasi, zimepangwa mistari, juu yake karatasi ya jikoni. Nikachimba mpaka chini. Kashata. Hakuna barua ya Mzee, hakuna karatasi ya zamani, hakuna hata bahasha.

"Nalongo!" nilipiga kelele, mpaka Solveig akashika bunduki.

Hapo nikayakumbuka maneno yangu mwenyewe. Kuna kopo mezani, narudisha kwa wenyewe. Ni Nalongo gani, ni mwanamke gani aliyelelewa, atafunua chombo cha watu kinachorudishwa, akute ndani mna karatasi kuukuu, aseme sawa? Alikuwa ameniokoa na fedheha. Na kashata nilimfundisha mimi mwenyewe.

Solveig akachungulia. "Chakula hakiachwi hapa," akasema. "Dubu, mbweha. Hata chembe."

"Basi nipe karatasi na kalamu, niandike barua nyingine upesi."

Akajipapasa mifuko yote. Uso ukambadilika.

"Kalamu," akasema, "iko kwenye mashua."

Niliketi juu ya mawe nikacheka mpaka machozi. Nimetoka Bredäng, nimevunja jino, nyumba ya Mzee ina penseli thelathini na moja zimechongwa, na mimi nimesimama mahali palepale aliposimama babu, mikono mitupu! Masikini babu wa watu. Miezi yote nilimlaumu mtu kwa jambo ambalo lingempata yeyote. Nikasema twende basi mashuani mbio tukaichukue, turudi. Kabla sijainuka redio ya Solveig ikakoroma. Nahodha alisema dubu ameinua kichwa.

"Dakika tano," Solveig akasema. "Halafu tunashuka, na haturudi."

Nitarudi kesho, babu alisema. La hasha. Nikafungua zipu ya ovaroli, nikatia mkono kifuani, chini ya sweta, chini ya blauzi, kwenye kile kimfuko changu. Kalamu ya wanja! Wanawake, siku mtakaponicheka tena kwa kujipaka wanja kwenda kazini, kumbukeni. Karatasi ikawa ile ya ruhusa, upande wa nyuma. Mwenye kutaka kuhakikisha ruhusa akaitafute kule kwenye mawe. Nikaandika kwa Kiswahili, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi na lugha nyingine hazikuja:

*Kopo hili tulilichukua. Tumelirudisha. Penseli ilivunjika. Samahani kwa kuchelewa. Mama Neema wa Voi na Bredäng, kwa niaba ya Folke na babu yake. Tunaelekea nyumbani.*

Kashata nikazimwaga kwenye kofia yangu. Barua nikaitia ndani ya kopo. Solveig akanipiga picha nimelishika kifuani, kisha akapiga nyingine likiwa ndani ya shimo lake. Nikarudishia mawe mawili yaliyoanguka. Tukateremka kile kilima kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu.

Mashuani kofia ilizunguka mara moja ikaisha. Nahodha alikula nne. Solveig alikagua sakafu chembe kwa chembe, na kila aliyoiokota akaitia mdomoni.

Bredäng tena

Kurudi nyumbani hakukuwa na mikasa, isipokuwa jino. Nilimpigia Nalongo kabla sijavua hata koti.

"Banange!" akasema kwa Kiganda chake. "Si ulisema unarudisha kopo? Hukusema unarudisha karatasi. Karatasi ziko kwangu, safi, nimeziweka ndani ya chombo cha aiskrimu." Kisha kwa sauti ya chini: "Kashata walizipenda lakini?"

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mzee. Mpwa wake alikuwa ameunganisha simu yangu na televisheni kubwa. Mzee akavuta kiti mpaka karibu, akakaa ubavu. Nilimwekea ile picha ya kwanza. Akatikisa kichwa huku na huku, anatafuta pembe ambayo jicho bado lina uhai. Muda ukapita. Nikaanza kuogopa kwamba tumechelewa.

"Naona rangi ya chungwa," akasema.

"Ni mimi, Mzee."

"Umenenepa."

"Ni nguo!"

Akasogea zaidi, pua ikakaribia kugusa kioo. Akahamisha uso taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwa shavu.

"Pembe ya kushoto imebonyea," akasema.

Lilikuwa limebonyea kweli pembe ya kushoto. Alikuwa ameliona. Nililia pale pale mbele ya mpwa wake, sikuona haya. Nikamwekea ile ya pili, kopo ndani ya mawe, akaitazama hivyohivyo kwa ubavu mpaka kahawa ikapoa.

Kisha nikamwambia ukweli. Barua yake ya kurasa nne haikufika. Nikamweleza habari za Nalongo, kashata, kalamu iliyobaki mashuani. Akauliza niliandika nini. Nikamfasiria neno kwa neno. Nilipofika kwenye penseli akainua mkono.

"Umeandika kwamba penseli ilivunjika?"

"Si ndiyo ilivyokuwa, Mzee?"

Akaanza kucheka, kicheko kikavu ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Niliandika kurasa nne," akasema. "Niliandika upepo. Niliandika barafu, na hali ya hewa ya mwaka ule. Penseli sikuiandika. Nami nimeona haya, kama babu." Akafungua droo kwa kupapasa, akanipa penseli moja. "Usitoke tena bila hii."

Jumapili Nalongo mwenyewe alikuja kutoka Hallonbergen na zile karatasi, ndani ya chombo chake cha aiskrimu, na juu yake chapati sita, maana angeanzaje kuja na karatasi tu. Walikaa mezani yeye na Mzee, hawana lugha ya kuwatosha, wakala chapati.

Wiki mbili zilizopita majani yalianza kuanguka, na daktari hakusema uongo. Mzee sasa anahesabu hatua kwa mkono ukutani. Juzi nilikuwa nimemaliza zamu, nimeosha kile chombo cha Nalongo ili nikipitishe kwake, niko mlangoni navaa viatu.

"Ngoja," akasema.

Akanyanyuka. Nilitaka kumshika, akanikatalia. Akaenda na ukuta mpaka jikoni, nikamsikia anagusagusa sufuria, anaungua, anatukana kwa Kiswidi. Akarudi na viazi vitatu vya kuchemsha amevifunga kwenye karatasi ya foili, bado vya moto. Akapapasa chombo mkononi mwangu, akavitia, akabana mfuniko pande zote nne.

"Hakirudi kitupu," akasema, kwa Kiswahili.

Nilikwenda nacho mpaka Hallonbergen, nimekipakata kwenye treni, joto linanipata mapajani. Jioni Nalongo akanipigia.

"Mama Neema, huyu mzee wako, viazi vyenyewe havina hata chumvi."

"Umevitupa?"

"Nivitupe? Nimekula vyote."